Kimbunga Kinakuja: Uhame Saa Ngapi?

Asubuhi ya Septemba 27, 2022, wakazi wa maeneo ya chini ya kaunti ya Lee, jimbo la Florida, Marekani, waliamriwa wahame. Alasiri ya kesho yake kimbunga Ian kikatua, na bahari ikapanda zaidi ya mita 3 katika mji wa Fort Myers Beach. Florida ilizika watu zaidi ya 100.

Kwa siku kadhaa ramani za utabiri zilikuwa zimeelekeza kitovu cha Ian upande wa Tampa, kaskazini zaidi, na wengi wakajiona wako salama. Lakini eneo lile linalochorwa kwenye ramani huonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita tu. Halionyeshi upana wa kimbunga wala maji kitakayoyasukuma. Tena, takriban mara moja katika kila tatu, kitovu hutoka nje yake.

Na maji ndiyo muuaji mkubwa. Kati ya 1963 na 2012, karibu watu 9 katika kila 10 waliouawa moja kwa moja na vimbunga vya namna hii Marekani waliuawa na maji, na karibu nusu ya vifo vyote vilitokana na bahari kupanda nchi kavu. Kwa hiyo anayepaswa kuhama ni yule ambaye maji yatamfikia. Mwenye nyumba imara mahali pa juu abaki ndani, awaachie wenzake barabara. Mwaka 2005 kimbunga Rita kilipoelekea Texas, watu zaidi ya milioni 2 walitoka kwa pamoja, wengi wao bila kuwa hatarini. Magari yalikwama saa nyingi juani. Basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kulelea lilishika moto karibu na Dallas, wakafa 23.

Saa ya kuondoka huhesabiwa kwa kurudi nyuma, na si kuanzia kitovu kinapofika. Anzia pale upepo wa kilomita 63 kwa saa utakapowasili, maana hapo safari yenyewe huwa hatari. Toa saa za njiani, kisha toa za foleni. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, anayetumia oksijeni na mjamzito aliyekaribia kujifungua watangulie siku nzima kabla ya wengine, na dawa za wiki mbili mkononi.

Aprili 2019 uongozi wa Mtwara, Tanzania, uliwataka wakazi wa karibu na bahari wahame kwa sababu ya kimbunga Kenneth. Kimbunga kikatua ng'ambo ya mpaka, Cabo Delgado, Msumbiji. Waliohama hawakudanganywa: kimbunga huweza kubadili njia saa za mwisho, na anayesubiri uhakika huupata barabara zikiwa zimefungwa.

Wewe uliyeko Mafia, Kilwa, Lindi au Mtwara, chagua leo nyumba ya ndugu au shule iliyo mahali pa juu, na wote nyumbani waijue njia yake.