Kidonge cha mwenzako usiku wa kuamkia pepa

Ni wiki ya UE. Umepiga msuli tangu asubuhi, sasa saa nane usiku umejilaza na usingizi hauji, moyo unadunda. Mwenzako wa chumbani anafungua begi: "Chukua nusu ya hii, mimi daktari aliniandikia. Utalala kama mtoto." Ni diazepamu, ile wengi wanayoijua kama Valium. Umeze?

Ngoja kwanza tuone inafanya nini huko kichwani.

Ubongo una breki zake. Breki kuu ni kemikali inayoitwa GABA, kazi yake kupunguza kasi ya seli za neva. Diazepamu haileti breki mpya, inaifanya GABA iliyopo ikamate zaidi. Ndiyo maana hofu inashuka na usingizi unakuja. Shida ni kwamba breki hizo zinakamata hadi kwenye hipokampasi, sehemu inayogeuza mambo mapya kuwa kumbukumbu. Ulichosoma mwezi uliopita hakifutiki, ila unachosoma dawa ikiwa mwilini kinaweza kisishike. Madaktari wanalijua hilo: kuna dawa za kundi hili wanazompa mgonjwa makusudi, asikumbuke kipimo chenye usumbufu.

Tena haitoki upesi. Mwili unaweza kuchukua hadi saa 48 kuondoa nusu tu ya diazepamu. Na ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine yenye kazi ileile, ambayo nusu yake inaweza kuchukua hadi saa 100. Kidonge cha Jumapili usiku unaweza kuingia nacho kwenye pepa la Jumatatu, hata la Jumanne.

Ukizoea je? Ubongo unajirekebisha, dozi ileile haitoshi tena. Ukiacha ghafla baada ya wiki kadhaa, wasiwasi unarudi kwa nguvu na wengine hupata degedege. Ukichanganya na pombe, unaweza kushindwa kupumua.

Dawa yenyewe si mbaya. Mwenzako aliulizwa historia yake, dawa nyingine anazotumia, akapangiwa dozi na muda. Wewe hujaulizwa chochote. Na akikugawia, matibabu yake yanapungua.

Kwa leo, funga daftari ulale hata saa nne. Usingizi ndio unaopanga uliyoyasoma. Usipolala vizuri wiki mbili mfululizo, nenda zahanati ya chuo useme ukweli. Na kama tayari unavimeza kila siku, usikate ghafla: daktari atakupunguzia polepole.