Kubonyeza bila kidole: Jinsi programu moja inavyoiamuru nyingine

Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 12, kufuatia tuhuma kwamba waliigiza matumizi ya kibodi ili waonekane wanafanya kazi. Mkasa huo uliibua upya swali la zamani: kompyuta hutambuaje kama kitufe kimebonyezwa na mtu?

Uigizaji wa kibodi na kipanya haukubuniwa kwa ajili ya udanganyifu. Ofisi huutumia kuingiza takwimu katika mifumo mikongwe isiyo na njia nyingine ya kupokea data, na watu wasioweza kutumia mikono huutegemea kuendesha kompyuta kwa sauti au kwa macho.

Njia mbili

Katika mfumo wa Windows, programu inaweza kupenyeza mibonyezo kwenye foleni ileile inayopokea ishara za kibodi halisi. Mibonyezo hiyo huishia kwenye dirisha lililo mbele. Mtumiaji akiwa anaandika barua wakati huo, herufi hizo zitaingia ndani ya barua yake.

Njia ya pili ni kutuma ujumbe moja kwa moja kwa dirisha lililokusudiwa, hata likiwa limefunikwa na mengine. Mtumiaji huendelea na shughuli zake huku kazi nyingine ikifanyika nyuma. Hata hivyo, si kila programu hutii. Programu inayotaka kujua iwapo kitufe cha Shift kimeshikiliwa huweza kuuliza hali ya kibodi yenyewe, na jibu huwa kwamba hakijaguswa.

Mlango uliokuwa wazi

Kwa miaka mingi, dirisha lililopokea ujumbe halikuwa na namna ya kumtambua mtumaji. Agosti 2002, mtafiti wa usalama alionyesha hadharani kwamba programu ya kawaida ingeweza kutumia mwanya huo kujitwalia mamlaka ya programu yenye hadhi ya juu. Kinga ya msingi ilikuja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007: programu yenye mamlaka madogo ilizuiwa kuituma amri ile iliyo juu yake. Kampuni ya Apple nayo, katika toleo la macOS la mwaka 2018, ilikaza masharti ya kupata idhini ya mtumiaji.

Kinga hiyo ya Windows haizitenganishi programu zenye mamlaka sawa, na hapo ndipo wahalifu hupenya. Baadhi ya programu hasidi za wizi wa benki hufungua eneo-kazi la pili lisiloonekana katika kompyuta ya mwathiriwa, kisha huendesha kivinjari humo. Benki huona kompyuta ileile na anwani ileile ya intaneti, ilhali mwenye akaunti haoni chochote kwenye skrini yake.

Katika simu za Android, wezi hutumia vibaya huduma za ufikivu, zilizokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, ili kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Huduma hizo hazifanyi kazi bila ruhusa yake. Kwa hiyo programu ya tochi au ya mchezo inapoomba ruhusa hiyo, jibu la busara ni kuikatalia.