Kansas City: Timu ya wanawake yaacha kupanga, yajenga uwanja wake

MGENI anayefika ukingo wa kusini wa Mto Missouri, jirani na daraja la Bond mjini Kansas City, Marekani, hukuta uwanja wa soka wenye nyasi za asili na viti 11,500 tu. Katika nchi iliyozoea viwanja vya watu 60,000 na zaidi, huo ni mdogo kweli. Hata hivyo, Uwanja wa CPKC ndio wa kwanza kujengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya wanawake ya kulipwa, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa Dola milioni 117, sehemu kubwa ikiwa fedha za watu binafsi.

Timu yenyewe, Kansas City Current, ilianza kucheza mwaka 2021 ikiwa mpangaji: kwanza katika uwanja wa besiboli, kisha misimu miwili katika uwanja wa timu ya wanaume ya Sporting Kansas City. Aliyewahi kupanga fremu sokoni anaijua hali hiyo. Ratiba ya mwenye nyumba hutangulia, na fedha za vinywaji, maegesho na mabango hupita kwanza mkononi mwake. Wenye timu, Angie na Chris Long, ambao kazi yao ni kusimamia mitaji, pamoja na Brittany Mahomes, waliamua kuhama.

Uwanja ulifunguliwa Machi 16, 2024, wenyeji wakiifunga Portland Thorns 5-4. Msimu huo tiketi za mechi zote za ligi za nyumbani zilikwisha, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika ligi hiyo. Mvuto mkubwa ulikuwa Temwa Chawinga wa Malawi, aliyepachika mabao 20. Lakini udogo nao ulifanya kazi yake: mteja anayejua kuwa viti ni vichache hanunui siku ya mechi, hununua tiketi ya msimu mzima, na timu hupata fedha kabla mpira haujapigwa.

Sasa hesabu. Gawanya gharama kwa viti. Kila kiti kimemeza zaidi ya Dola 10,000. Msimu wa 2024 ulikuwa na mechi 13 za ligi nyumbani. Kurudisha mtaji kwa miaka 20, kila kiti kingepaswa kuleta takriban Dola 39 kila mechi, kabla ya mishahara, riba na matengenezo, na kisikae kitupu hata mara moja. Kiingilio peke yake hakitoshi. Ndiyo maana jina la uwanja liliuzwa kwa kampuni ya reli, na mipango ya nyumba za kupangisha na maduka ikafuata pembeni yake. Ardhi si yao. Wameikodi kwa miaka 50 kutoka mamlaka ya bandari ya mji.

Thamani ya timu ni habari nyingine. Boston ilikubali ada ya Dola milioni 53 kuingia ligi mwaka 2023. Denver, mwaka 2025, ilikubali milioni 110. Waliotangulia wamepata faida, ingawa ya kwenye karatasi hadi siku ya kuuza. Mwekezaji mdogo hana pa kuingilia, kwani hisa hizo haziuzwi katika soko la hisa.

Fainali ya ligi ya Novemba 2024 ilichezwa hapo pia. Siku nyingine nyingi za mwaka, nyasi hukatwa na kumwagiliwa bila mechi yoyote ya Current, na bili ya maji hulipwa vilevile.