Maji Mawili ya Barabara ya Thika

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita kama 20 tu, lakini anayefuga samaki wa mapambo huko na huko ana kazi mbili tofauti. Maji ya bomba ya Thika hutoka mtoni. Mito ya Chania na Thika huteremka mbio kutoka milima ya Nyandarua, haikai juu ya mwamba muda wa kutosha kuyeyusha madini mengi. Ruiru fleti nyingi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji yake yamelala ndani ya miamba ya volkano miaka na mikaka, yakatoka na sodiamu na baikaboneti tele, na mara nyingi floraidi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Na kwa kuwa sabuni hutoa povu upesi, mwenye tangi hudhani hayana neno. Kumbe pH yake huweza kupita 8.

Hapo ndipo samaki wengi hufia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na makali ya amonia hiyo hutegemea pH. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 yake ndiyo sumu. Iliyobaki imegeuka amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Kwenye pH 8 sehemu ya sumu hufika asilimia 5 hivi, na kwenye 9 hupita theluthi moja. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitreti, huchukua wiki nne hadi sita kushika kazi. Muuzaji hatakusubirisha muda wote huo, ana samaki wa kuuza. Wewe jaza mimea siku ya kwanza, kwa wingi, kisha ungoje. Mimea ya majini hupenda kula amonia kabla ya nitreti.

Chakula kingine cha mimea hiyo kiko nje ya mlango. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, alieleza namna ya kuweka udongo wa kawaida chini ya changarawe badala ya kununua virutubisho vya dukani. Na udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa ya Thika unafaa kwa kazi hiyo. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani kutu, na kutu hiyo hung'ang'ania fosforasi hata mkulima akalazimika kuongeza mbolea kila msimu. Ukiufunika kwa mchanga na maji, oksijeni huisha chini kule. Bakteria hugeuza chuma kiwe cha kuyeyuka, fosforasi hulegea nacho, na mizizi hujichukulia. Chekecha udongo usio na samadi wala mbolea ya dukani, tandaza sentimita 2 au 3, kisha mchanga sentimita 3. Ukizidisha kina, siku moja utachomoa mmea na harufu ya yai bovu itajaza sebule.

Mchanga wa ujenzi unaoletwa kutoka mito ya Machakos unatosha, ukioshwa hadi maji yatoke meupe. Udondoshee siki: ukichemka povu una chokaa. Ule mweupe wa pwani ni matumbawe yaliyosagika, uache Diani.

Mimea nayo ichaguliwe kwa maji. Vallisneria na Ceratophyllum zinaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti, kwa hiyo kisima cha Ruiru kwao ni karamu. Moss za majini haziwezi. Zinataka kaboni dayoksaidi yenyewe, na hustawi zaidi kwa maji ya Thika. Guppy hawajali pH ya 8. Tetra wa Amazon wanaijali sana. Samaki wa Ziwa Tanganyika wangefurahia Ruiru kabisa, ila wengi wao ni wachimbaji, watang'oa kila ulichopanda.

Klorini ya bomba huondoka maji yakikaa usiku kucha kwenye ndoo wazi. Taa iwake kwa muda wa saa saba au nane kwa siku, si zaidi, na tangi lisikae dirishani, la sivyo mwani utakushinda. Usiku wa Julai hita ni lazima. Stima ikipotea, kumbuka kwamba gizani mimea nayo hupumua oksijeni ile ile ya samaki: chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu. Mimea uliyopunguza ianikwe juani ikauke, isitupwe mtoni ikasambaa. Gugumaji nalo lililetwa Afrika kama ua la bustani.

Kwa Ruiru kuna jambo moja zaidi. Maji yanayopungua tangini hupaa yakiacha chumvi yake, na ukijazia kwa maji ya kisima unaongeza chumvi juu ya chumvi, wiki baada ya wiki. Jazia kwa maji ya mvua. Mvua za Machi zikianza, acha ya kwanza ioshe vumbi la mabati, ndipo utege mtungi.