Baridi ya Brazil na Kahawa Iliyouzwa Ingali Maua

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuleta joto na baridi kwa kipimo akitakacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hatuijui baridi inayoua mmea. Miezi ya Juni na Julai hujifunika mablanketi alfajiri, na ukungu hutanda juu ya migomba ya Nyaishozi na Nkwenda, lakini jua likichomoza mambo hurejea kama kawaida. Sisi tuko karibu mno na Ikweta, na vilima vyetu si virefu kiasi cha kugandisha maji. Hapa Tanzania sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, huonekana mbali huko kusini, katika nyanda za Kitulo, Makete na Njombe.

Hata hivyo, iko baridi moja ya ugenini inayomhusu kila mkulima wa kahawa wa wilaya hizi mbili, ajue asijue. Nayo ni baridi ya kusini mwa Brazil. Miezi ileile ambayo sisi tunachuma na kuanika kahawa ndiyo miezi ya kipupwe huko, na wanunuzi wakubwa wa dunia hukaa macho wakisubiri habari zake.

Usiku mmoja wa mwaka 1975

Brazil ndiyo nchi inayozalisha kahawa nyingi kuliko zote duniani. Mashamba yake ya kusini yako katika hali ya hewa ya wastani, na miaka mingi hupita salama. Lakini mara mojamoja hewa baridi kutoka pande za ncha ya kusini ya dunia hupanda kupitia Argentina mpaka mashambani. Watabiri wa hali ya hewa huiona siku kadhaa kabla haijafika, na wakulima hufukia miche michanga kwa udongo ili kuinusuru. Mti mkubwa haufukiki. Huachiwa Mola wake.

Tarehe 17 Julai 1975 theluji ilianguka katika mji wa Curitiba, makao makuu ya jimbo la Paraná. Usiku wa kuamkia tarehe 18 baridi kali ikashuka mashambani. Maji yaliyomo ndani ya majani na matawi yakaganda, na mikahawa ikageuka myeusi kana kwamba imepitiwa na moto. Jimbo hilo, ambalo mwaka huo lilikuwa limevuna karibu nusu ya kahawa yote ya Brazil, halikupata mavuno ya maana mwaka uliofuata. Mkahawa mpya huchukua takriban miaka 3 kuzaa, na wengi hawakusubiri. Mashamba yakapandwa soya na ngano, na vibarua wengi wakahamia mijini kutafuta riziki.

Sokoni mambo yalikwenda kinyume. Ratili moja ya kahawa, iliyokuwa chini ya dola 1 ya Marekani, ilipanda hadi kupita dola 3 mwaka 1977. Tarehe 20 Julai 2021 baridi ilipiga tena, safari hii hasa katika jimbo la Minas Gerais, na ndani ya wiki moja bei ikavuka dola 2 kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2014. Iliyodhurika ni kahawa ya arabika, nasi nyingi yetu ni robusta. Lakini arabika inapoadimika wachanganyaji huongeza robusta, na bei yake nayo hupanda.

Ni nani anayepokea nyongeza?

Hapa ndipo lilipo swali letu la leo. Bei inapopanda kwa sababu ya baridi ya Brazil, nyongeza ile inaingia mfuko wa nani?

Mkulima ambaye kahawa yake bado ni yake, akaipeleka katika chama chake cha msingi na kuuza kupitia chama kikuu cha KDCU, hupata sehemu yake. Lakini wako waliokwisha kufanya butura, jina lisilo geni kwa mtu yeyote wa Kagera. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule, ugonjwa au msiba humwuzia mwenye fedha kahawa ingali maua au punje za kijani, kwa bei ya chini kabisa. Yakija mavuno, mkewe na watoto wanachuma, wanaanika, kisha magunia yanabebwa na mtu mwingine. Serikali imeikataza biashara hii mara nyingi, na bado inaendelea kwa siri.

Wako wanaosema kuwa wawili hao walikubaliana, basi kosa liko wapi? Tuirejee sheria ya Mola wetu. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake, akamkataza muuzaji na akamkataza mnunuzi. Katika mapokezi ya Anas (R.A.), alipoulizwa alama ya kuiva alitaja kuwa ni kuwa mekundu; kisha akauliza, iwapo Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yale, mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki gani?

Tazameni hekima hiyo, ndugu zangu. Alama iliyotajwa kwa tende za Madina ndiyo alama ya kahawa yetu: wekundu. Na sababu iliyotajwa ni kwamba baina ya ua na tunda lililoiva hakuna ajuaye litakalotokea. Ikinyesha mvua ya mawe, au mnyauko ukakausha mikahawa, mnunuzi hudai fedha zake na mkulima hubaki na deni bila ya shamba. Baridi ikipiga Brazil, mkulima hudhulumika kwa bei aliyoikubali akiwa na dhiki. Kwa vyovyote vile, mmoja hula kisicho haki yake.

Mlango ulio wazi

Uislamu haukumfungia mlango mwenye shida. Uko mkopo mwema, usio na ziada wala sharti la kurejeshwa kwa magunia. Iko pia biashara ya salam, ambayo bei hulipwa yote siku ya mapatano, kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana, bila ya kufungwa na mavuno ya mti fulani. Masharti yake yaulizwe kwa masheikh kabla ya kuandikiana.

Waumini wa msikiti mmoja wanaweza kuweka mfuko wa kukopeshana, ili mgonjwa wa Kaisho au Omurushaka asilazimike kuuza maua. Nasi wenye familia tukumbuke kuwa ada ya Januari haiji ghafla. Itengwe siku ile fedha za mavuno zinapopokewa. Mume asiuze kwa siri kahawa iliyopaliliwa na nyumba nzima. Wasikae pamoja siku ya kuchuma tu, bali na siku ya kuamua.

Mwisho, tusishangilie msiba wa wengine. Katika Suratu Aal-Imran, aya ya 117, Mwenyezi Mungu (S.W.) amepiga mfano wa upepo wa baridi kali ulioangamiza shamba, na katika Suratul-Qalam ametaja wenye bustani walioamka wakaikuta si chochote. Ni mazingatio kwetu, si ruhusa ya kumhukumu kila aliyepatwa. Kibarua wa Paraná aliyepoteza kazi mwaka 1975 naye alikuwa na watoto, na Brazil inapovuna kwa wingi ni sisi tunaolia. Mwaka 2001, kahawa ilipofurika, ratili moja ilishuka chini ya senti 50 za dola.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde mikahawa yetu na ya wenzetu, awatosheleze wenye dhiki kwa halali yake, na atuepushe na kula mali ya ndugu zetu bila ya haki. Amin. Wabillahi tawfiq.