Fahamu: Manukato yaliyomo kwenye losheni yako

Geuza chupa ya losheni usome nyuma. Huenda ukakuta neno "Parfum" au "Fragrance". Neno hilo moja laweza kubeba makumi ya kemikali. Kazi yake si kutibu ngozi. Ni kunukia, na kufunika harufu mbaya ya viambato vingine.

Wengi hawadhuriki. Lakini ngozi ya baadhi huyakataa: huwasha, huiva, hutoka vipele. Na mzio huo ukishaingia, aghalabu hudumu maisha yote.

Usitulizwe na neno "asilia". Mafuta ya karafuu yana eugenoli, kemikali iletayo mzio, na ya mlangilangi tunayoyapenda pwani nayo yanajulikana kuleta mzio. Linaloli ya lavenda na limonini ya maganda ya machungwa huzidi ukali zikikutana na hewa, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi muda mrefu ni ya kutupa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiungo kiitwacho Lilial katika vipodozi Machi 2022, kwa hofu ya kudhuru uzazi. Tangu 2005 umewataka watengenezaji wataje kwa majina vizio 26, yaani viambato viletavyo mzio. Kanuni ya 2023 imeirefusha orodha hadi zaidi ya 80, na bidhaa mpya zinatakiwa kuitii kuanzia 31 Julai 2026.

Mwenye pumu ya ngozi atafute "fragrance free". "Unscented" si sawa nayo, kwani huweza kuwa na manukato ya kuua harufu. Kipodozi kipya kipake kwanza kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima.