Masteringi ya rekodi za nyumbani

Masteringi ni hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi ya muziki, baada ya sauti zote kuchanganywa na kuwa faili moja. Lengo lake ni kuufanya wimbo usikike vizuri kwenye redio, simu na spika kubwa. Kwa kuwa kila kitu kiko pamoja, fundi hawezi kuongeza sauti ya mwimbaji mmoja bila kugusa ngoma zinazolia naye.

Rekodi za nyumbani huja na kelele za mahali zilipofanyika. Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mvua hunyesha kuanzia takriban Novemba hadi Aprili, na nyumba nyingi zimeezekwa bati. Mvua na mvumo wa umeme ni kasoro tofauti. Mvumo hukaa kwenye masafa ya hezi 50 na vigawe vyake, yaani 100, 150 na kuendelea, hivyo ekwalaiza huweza kuupunguza. Mvua hutapakaa katika masafa mengi, yakiwemo yale ya sauti ya mtu, na ni vigumu kuiondoa bila kuuharibu wimbo.

Kelele hushughulikiwa kabla ya kutumia kompresa. Kifaa hicho hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Wimbo ukishapandishwa, kelele iliyojificha hupanda nao. Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000 na inayofanya kazi bila intaneti, huhitaji sampuli ya kelele peke yake. Kwa hiyo sekunde chache za ukimya mwanzoni mwa rekodi zisikatwe mapema. Ikizidishwa, kazi hii hufuta pia mlio unaofifia wa nyuzi, hasara kubwa kwa ala ya sauti ndogo kama inanga. Faili ya awali huhifadhiwa bila kuguswa, hasa ikiwa mpigaji ni mzee na hakuna rekodi yake nyingine.

Limita huja mwisho, kwa kawaida ikiwekwa karibu na desibeli -1. Kuukandamiza wimbo ili upige kelele kuliko nyingine hakuna faida sana: YouTube na Spotify huushusha ukizidi takriban LUFS -14.

Sauti iliyokatika kwa kupita kiwango wakati wa kurekodi hairudi kwa kupunguza sauti. Programu hukisia tu sehemu iliyopotea, na ikiwa waimbaji bado wapo, kurekodi upya huchukua muda mfupi zaidi.